Filamu ipi ufundishie sayansi ya anga? The Martian, Gravity, Interstellar na nyingine tatu zikilinganishwa

Mwalimu anayetafuta filamu ya kufundishia sayansi ya anga hukutana kwanza na orodha za filamu zinazosifiwa kwa usahihi. Orodha hizo zinamfaa mtu anayetazama kwa starehe, lakini darasani zinapotosha uchaguzi. Filamu inaweza kuwa sahihi karibu mwanzo hadi mwisho na bado isimpe mwanafunzi kazi yoyote: ataitazama, ataisifu, ataenda zake. Nyingine ina kosa kubwa dakika za mwanzo kabisa, na kosa hilohilo likazaa kipindi kizima cha fizikia kwa sababu wanafunzi wenyewe wanaweza kulikamata kwa kalamu na karatasi.

Ndiyo maana kipimo changu ni kingine. Naangalia kwanza kama tukio la kwenye filamu lina namba ndani yake, au linaweza kutiwa namba, na kama mwanafunzi wa kiwango fulani anaweza kuikagua kwa hesabu anazozijua tayari. Naangalia pia kama tukio linasimama lenyewe kwa dakika tano hadi kumi, maana ratiba ya masomo haina saa tatu za kutazama. Jambo la tatu, ambalo naliona zito kuliko watu wanavyolichukulia, ni picha itakayobaki kichwani baada ya miezi sita. Picha ya filamu iliyotengenezwa vizuri hudumu kuliko maelezo ya mwalimu. Ikiwa ni picha potofu na hukuirekebisha ndani ya kipindi hichohicho, utakuwa umefundisha kosa.

Nimechukua filamu sita: The Martian (2015), Gravity (2013), Interstellar (2014), 2001: A Space Odyssey (1968), Contact (1997) na Armageddon (1998). Nisikuzungushe: kama una nafasi ya filamu moja tu kwa wanafunzi wa sekondari, chukua The Martian. Sababu zinafuata, pamoja na hali ambazo ningechagua nyingine.

The Martian na Gravity

Hizi mbili hulinganishwa kila mara kwa kuwa zote zinamhusu mwanaanga aliyebaki peke yake akipambana arudi duniani. Kwa mwalimu zinatofautiana sana. Katika The Martian, iliyoongozwa na Ridley Scott kutoka kwenye riwaya ya Andy Weir, mhusika mkuu Mark Watney ni mtaalamu wa mimea aliyeachwa kwenye sayari ya Mirihi. Karibu kila tatizo linalompata analisema kwa sauti, analipigia hesabu, kisha anajaribu. Mwanafunzi anaona jinsi mtu anavyofikiri hatua kwa hatua, na hilo ni adimu katika sinema, ambako mwanasayansi kwa kawaida hutupia skrini jicho moja na kutoa jibu.

Chukua tukio la maji. Watney anataka kulima viazi na maji hayatoshi. Anachukua haidrazini, mafuta ya roketi yaliyobaki, anaivunja kwa kichocheo cha iridiamu ili apate naitrojeni na haidrojeni, kisha anaichoma haidrojeni kwa oksijeni. Darasa la kemia lina hesabu nzima hapo. Moli moja ya haidrazini, N₂H₄, ina gramu 32. Inatoa gramu 28 za naitrojeni na gramu 4 za haidrojeni; haidrojeni hiyo ikiungua inatumia gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 36 za maji. Kwa maneno mengine, kilo moja ya haidrazini ikikutana na kilo moja ya oksijeni unapata kilo 1.125 za maji. Mwanafunzi akiifikia namba hiyo kwa mkono wake mwenyewe, swali linabadilika: oksijeni yote hiyo Watney aliitoa wapi, na kwa nini jaribio lilimlipukia? Filamu inajibu swali la pili: hakuhesabu oksijeni aliyokuwa akiitoa mwenyewe kwa pumzi. Hapa mwalimu aseme wazi kwamba haidrazini ni sumu kali na kemia hii ni ya kwenye karatasi tu.

Upande wa biolojia una chake. Kilo moja ya viazi ina takriban kilokalori 770, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kukadiria mtu mmoja anahitaji kilo ngapi kwa siku na shamba la ukubwa gani. Kisha mletee jambo ambalo filamu haikuligusa: mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua kwenye udongo wa Mirihi chumvi ziitwazo perklorati, ambazo ni hatari kwa afya ya binadamu. Udongo ule ungehitaji kusafishwa kabla ya kupandwa chochote. Wanafunzi hulipenda swali la namna ya kuusafisha, kwa sababu chumvi hizo huyeyuka kwenye maji, na maji ndiyo yaleyale yaliyopatikana kwa shida.

Tukio ninalolipenda kuliko yote ni la kamera. Watney anafukua chombo cha Pathfinder, kilichotua kweli huko Julai 1997, na anataka kuzungumza na dunia kupitia kamera yake inayozunguka. Akizungusha kadi 26 za alfabeti pamoja na kadi moja ya swali, kila kadi inapata nyuzi 13 hivi za duara, na kamera inaweza kuelekea kati ya mbili isijulikane inasoma ipi. Akitumia mfumo wa heksadesimali, wenye alama 16 tu, kila kadi inapata zaidi ya nyuzi 20, na alama mbilimbili zinatosha kuandika herufi yoyote kama kompyuta zinavyofanya. Kata kadi 17 za karatasi, zipange sakafuni kwa duara, mwanafunzi mmoja asimame katikati awe kamera, na darasa litume neno. Kazi hii inaingia hesabu za pembe, mifumo ya namba na mawasiliano ya anga kwa mkupuo mmoja, na haihitaji umeme.

Kosa kubwa la filamu hii ndilo linaloianzisha hadithi: dhoruba inayotishia kuangusha roketi. Hewa ya Mirihi ni nyembamba mno. Kila mita ya ujazo ina takriban kilo 0.02, wakati ya dunia ina kilo 1.2 hivi, yaani mara 60. Msukumo wa upepo unategemea msongamano wa hewa ukizidishwa kwa kasi mraba. Kipeuo cha pili cha 60 ni karibu 7.7, kwa hiyo upepo wa kilomita 160 kwa saa kule unasukuma kama upepo wa kilomita 21 kwa saa hapa. Unaweza kupeperusha karatasi, hauwezi kuangusha roketi. Weir mwenyewe amekiri hadharani kwamba alilijua hilo na akaamua kuiacha dhoruba kwa ajili ya hadithi. Kwa mwalimu hili ni kosa zuri kuliko yote: liko mwanzoni, linaonekana la kweli kabisa, na linabomolewa kwa mstari mmoja wa hesabu. Kosa lingine ni la kimya. Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya wa dunia, ila waigizaji wanatembea kama wako nyumbani, na hakuna mahali filamu inapolionyesha hilo.

Gravity, ya Alfonso Cuarón, ina namba chache zinazosemwa, lakini kwa macho inafundisha jambo ambalo The Martian haliwezi: maisha ya mwendo usio na msuguano. Vitu vikianza kwenda vinaendelea kwenda. Kizima moto kikifunguliwa kinamrusha mtu upande wa pili, na kisipoelekezwa sawasawa na kitovu cha tungamo lake kinamzungusha. Ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, halipitishi sauti, na filamu inaheshimu hilo karibu wakati wote. Mwanaanga anasikia tu mtetemo wa alichokigusa. Kwa sheria tatu za Newton, sijaona dakika kumi za sinema zinazozipita zile za mwanzo.

Namba moja inayosemwa ni muhimu: vipande vya setilaiti zilizovunjika vitarudi baada ya dakika 90. Mpe mwanafunzi nusukipenyo cha dunia, kilomita 6,371, ongeza kilomita 400 za urefu wa obiti (njia ya kuizunguka dunia) ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, na kasi ya kilomita 7.67 kwa sekunde. Atapata dakika 92 na kitu, na atafurahi kwamba filamu ilisema kweli. Baada ya hapo mchokoze: kama vipande viko kwenye obiti ya urefu uleule na vinakuja kutoka upande wa mbele, vitakutana naye kila baada ya dakika ngapi? Jibu ni 45, na mabishano yanayofuata yana thamani kuliko jibu. Hatari yenyewe si ya kubuni. Donald Kessler na Burton Cour-Palais waliandika mwaka 1978 kuhusu migongano inayozaa vipande vinavyozaa migongano mingine, na tarehe 10 Februari 2009 setilaiti za Iridium 33 na Kosmos 2251 ziligongana kweli juu ya Siberia, karibu kilomita 790 kutoka ardhini.

Makosa ya Gravity ndiyo yanayoipunguzia alama mbele ya The Martian. Wanaanga wanatoka kwenye darubini ya Hubble kwenda Kituo cha Kimataifa kana kwamba wanavuka barabara. Obiti ya Hubble imeinama nyuzi 28.5 kutoka ikweta, ya Kituo nyuzi 51.6, na urefu wake ulitofautiana kwa zaidi ya kilomita 100 filamu ilipotoka. Kugeuza tu mwinamo huo kunahitaji badiliko la kasi la takriban kilomita 3 kwa sekunde. Mkoba wa jeti mgongoni hutoa makumi machache ya mita kwa sekunde. Ni kosa kubwa, lakini mwanafunzi wa kawaida hawezi kulikamata mwenyewe bila vekta. Halafu kuna tukio la kamba, pale mwanaanga mmoja anapojiachia ili amwokoe mwenzake. Wote wawili wameshasimama. Hakuna kinachomvuta aende mbali. Mvuto mdogo tu wa kamba ungemrudisha. Tukio hili linagusa moyo, na kwa sababu hiyo linabaki kichwani na kufundisha kwamba angani kuna kitu kinachokuvuta "chini". Ukilionyesha, usimalize kipindi kabla ya kuchora nguvu zote ubaoni na wanafunzi kuona kwamba mshale wanaoutafuta haupo.

Kuna picha potofu nyingine ambayo Gravity haikuileta ila inaweza kuiimarisha: kwamba kwenye obiti hakuna mvutano. Kwenye urefu wa kilomita 400 mvutano bado ni karibu asilimia 89 ya ule wa hapa chini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka pamoja na chombo chao. Msaada mzuri unatoka kwenye filamu inayosimulia kisa cha kweli, Apollo 13 ya mwaka 1995: matukio ya kuelea yalipigwa ndani ya ndege ya NASA iliyokuwa ikipanda na kushuka kwa mkunjo, ikiwapa waigizaji kama sekunde 25 za kuelea kila mara. Waigizaji hao hawakukaribia anga za juu. Weka vipande viwili pamoja, cha Gravity na cha Apollo 13, na uulize vinafanana nini.

Interstellar na 2001: A Space Odyssey

Mwalimu anayezipenda hizi mbili huwa anaipenda sinema yenyewe, na hapo inabidi awe mwangalifu. Ni kazi kubwa za sanaa, ndefu, na zote zinaishia mahali ambapo sayansi imeshaaga. Darasani hazifanani hata kidogo.

Interstellar, ya Christopher Nolan, ilikuwa na mshauri wa sayansi ambaye ni vigumu kumpata mwingine wa kiwango chake: Kip Thorne, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2017 kwa ugunduzi wa mawimbi ya mvutano. Shimo jeusi la kwenye filamu, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki, lilichorwa kwa milinganyo yake, na kazi hiyo ikaishia kuchapishwa kama makala ya kisayansi mwaka 2015. Miaka minne baada ya filamu, tarehe 10 Aprili 2019, mtandao wa darubini wa Event Horizon ulitoa picha ya kwanza ya shimo jeusi halisi, lililo katikati ya galaksi ya M87, umbali wa miaka ya mwanga milioni 55. Weka picha hizo mbili ubavu kwa ubavu. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba pete ya M87 inang'aa zaidi upande mmoja, wakati ya filamu inang'aa sawa pande zote. Gesi inayotujia hung'aa zaidi kuliko inayotukimbia. Watengenezaji walilijua hilo na wakaliondoa ili lisimchanganye mtazamaji. Ulinganisho huu wa picha mbili peke yake unatosha kuhalalisha filamu hii darasani, na hauhitaji hata kuonyesha tukio zima.

Namba inayojulikana zaidi ni ile ya sayari ya maji: saa moja pale ni miaka saba duniani. Hesabu ya kwanza ni rahisi hata kwa mwanafunzi mdogo. Miaka saba ina karibu saa 61,000, kwa hiyo muda umepungua kasi mara 61,000. Wanaporudi kwenye chombo, wanaambiwa imepita miaka 23, miezi 4 na siku 8. Walikaa chini kule muda gani? Saa 3 na dakika 20. Ni hesabu ya kugawanya tu, lakini mwanafunzi akishaipata, tukio linalofuata, la baba akitazama ujumbe wa video wa watoto wake waliokua bila yeye, analiona kwa jicho lingine. Nimechagua filamu hii kwa baadhi ya madarasa kwa ajili ya dakika hizo tu.

Tatizo la Interstellar ni kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kuigawanya namba ila hawezi kuikagua. Ili kufika mara 61,000 inabidi shimo jeusi lenye tungamo la jua milioni 100 lizunguke karibu kabisa na kikomo chake, na kuthibitisha hilo kunahitaji nadharia ya uhusianifu ya jumla ya Einstein. Mwalimu anabaki kusema "niaminini". Njia ya kutoka ni kushuka kutoka kwenye filamu hadi kwenye GPS ya simu. Saa za setilaiti za GPS huenda mbele ya za ardhini kwa takriban maikrosekunde 38 kila siku, kwa sababu kule juu mvutano ni hafifu, hata baada ya kutoa athari ya mwendo wao. Zidisha kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde: unapata zaidi ya kilomita 11. Bila kurekebisha saa hizo, kosa la umbali lingekua kwa kiwango hicho kila siku. Sasa mwanafunzi ana sababu ya kuamini kwamba mvutano unapunguza kasi ya muda, na sababu hiyo iko mfukoni mwake.

Kuna kosa la Interstellar linalofaa kwa darasa lenye kiu ya kupinga. Kuondoka duniani chombo kinabebwa na roketi kubwa ya hatua kadhaa. Kuondoka kwenye sayari ya maji, ambayo filamu yenyewe inasema mvutano wake ni asilimia 130 ya wa dunia, chombo kidogo kinapaa peke yake. Waulize mafuta yako wapi. Sehemu ya mwisho ndani ya shimo jeusi ingekuwa bora uiache kabisa, kwa sababu hakuna kitu cha kukagua, na wanafunzi watakuuliza kama ni kweli kwa dakika zote zilizobaki.

2001 ya Stanley Kubrick, aliyoiandika pamoja na Arthur C. Clarke, ilitoka mwaka 1968, kabla binadamu hajakanyaga mwezi. Ukiionyesha nzima utawapoteza: mazungumzo ya kwanza yanakuja baada ya takriban dakika 25. Ila kama chanzo cha vipande vifupi haina mshindani. Kipande cha kwanza ni mwanaanga anayekimbia ndani ya gurudumu linalozunguka, kichwa kikielekea katikati. Gurudumu lililojengwa kwa ajili ya kupiga picha lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 12. Mwanafunzi anayeijua fomula ya mchapuko wa mwendo wa duara anaweza kuuliza: lizunguke kwa kasi gani ili mtu ajisikie kama yuko mwezini? Mzunguko mmoja kwa sekunde 12 hivi. Na kama duniani? Sekunde 5, na hapo kizunguzungu kinaanza. Kisha aulizwe kichwa cha mtu wa mita 1.8 kiko umbali gani kutoka katikati. Kiko mita 4.2, kwa hiyo kichwa kinahisi asilimia 70 tu ya uzito unaohisiwa na miguu. Hapo ndipo darasa linaelewa kwa nini wahandisi wanataka gurudumu kubwa mno au waache kabisa.

Kipande cha pili ni mwanaanga anayelazimika kuvuka ombwe bila kofia kwa sekunde chache. Filamu nyingine huonyesha macho yakitoka au mwili ukipasuka. Hii ilikaribia ukweli. Mwaka 1966 fundi wa NASA, Jim LeBlanc, alipoteza hewa ya suti yake ndani ya chumba cha ombwe. Alibaki na fahamu kwa sekunde 14 hivi, akakumbuka mate yakichemka ulimini, na akapona. Kosa la filamu ni dogo na linafundisha: mwanaanga anaonekana akibana pumzi. Angepaswa kuitoa, kwa sababu hewa iliyobanwa kifuani ingetanuka na kuumiza mapafu. Shinikizo, kuchemka kwa maji kwenye joto la mwili na kutanuka kwa gesi, vyote ndani ya dakika mbili za filamu.

Kati ya hizi mbili, nachukua 2001 kwa fizikia ya sekondari na Interstellar kwa klabu ya sayansi au wanafunzi wa chuo, ambako kuna muda wa maswali yasiyoisha.

Contact, kwa anayefundisha mwanga na umbali

Sitakaa sana hapa, kwa sababu tukio linalofaa ni moja. Filamu inaanza duniani na kurudi nyuma kupita sayari, huku redio zikisikika za zamani na za zamani zaidi kadiri tunavyokwenda mbali. Wazo ni zuri na kweli: mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo mbali ni kale. Vipimo ndivyo vimevurugika. Filamu inatusikilizisha matangazo ya miaka mingi iliyopita tukiwa bado kati ya sayari za jua letu. Mwanga unafika Mshtarii kwa dakika 43 hivi ukihesabu kutoka kwenye jua, kwa hiyo kwenye Mshtarii tungesikia taarifa ya habari ya chini ya saa moja iliyopita. Mpe mwanafunzi kazi ya kuipanga upya safari hiyo: matangazo ya mwaka 1936 yamefika wapi leo? Filamu inamsaidia, kwa kuwa ishara yenyewe inatoka upande wa nyota ya Vega, miaka ya mwanga 25 kutoka kwetu, na inarudisha matangazo ya mwaka huo. Kwenda 25, kurudi 25, hesabu inakubali.

Armageddon, na thamani ya filamu yenye makosa

Wapo wanaosema filamu kama Armageddon isiingie darasani kabisa. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao kwa darasa ambalo limeshafundishwa misingi. Asteroidi yake, yaani jiwe la angani, ina ukubwa wa jimbo la Texas na inaonekana siku 18 kabla ya kugonga. Ceres, kubwa kuliko zote kwenye mkanda wa asteroidi, ina kipenyo cha kilomita 940 hivi, na Giuseppe Piazzi aliiona kwa darubini ya mwaka 1801. Kitu kikubwa zaidi ya hicho kikitukaribia kingejulikana miaka mingi kabla. Kisha wanachimba shimo la mita 240 hivi ili bomu la nyuklia liipasue. Wanafunzi wakubwa wanaweza kukadiria nishati inayohitajika kuipasua na kuitawanya tufe la mwamba lenye kipenyo cha kilomita 1,000 linaloshikiliwa na mvutano wake: ni sawa na karibu mabomu bilioni moja ya lile kubwa kuliko yote lililowahi kulipuliwa, la Sovieti mwaka 1961.

Sharti ni kwamba usiishie kwenye kucheka. Waonyeshe kinachofanyika kweli. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha DART kiligonga Dimorphos, jiwe la mita 160 hivi, kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde, na mzunguko wake wa saa 11 na dakika 55 kuizunguka asteroidi kubwa zaidi, Didymos, ukapungua kwa dakika 33. Hakuna kilichopasuliwa vipande viwili. Ulikuwa msukumo mdogo, na msukumo mdogo ukitolewa mapema unatosha. Na tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi Apophis itapita kiasi cha kilomita 32,000 kutoka ardhini, karibu kuliko setilaiti za matangazo, bila hatari ya kutugonga. Wanafunzi wa leo wataiona angani kwa macho matupu.

Umri, muda na lugha

Kwa walio chini ya miaka 12 ningetumia vipande vya 2001 na mwanzo wa Contact tu. Gravity ina maiti zinazoonekana karibu, na mapema kwenye The Martian Watney anajitoa chuma tumboni mwenyewe. Mwalimu apitishe mbele sehemu hizo, pamoja na maneno makali machache. Interstellar ina dakika 169, na sioni sababu ya kuionyesha yote shuleni.

Mwenye kipindi kimoja cha dakika 40 achague dhoruba ya Mirihi. Mwenye viwili aongeze gurudumu la 2001. Mwenye muhula mzima wa klabu aanze na kadi za heksadesimali, aende Gravity, na Interstellar ije mwishoni baada ya hesabu ya GPS, isitangulie.

Namna ya kuonyesha inabadilisha matokeo kuliko jina la filamu. Simamisha picha kabla jibu halijatokea, kila mmoja aandike anachotarajia na sababu yake, kisha endelea. Hesabu ifanyike mara tu baada ya kipande, na kipande kirudiwe mara ya pili baada ya hesabu. Huo mtazamo wa pili ndio unaofuta picha potofu ya kwanza.

Jambo la lugha lisisahaulike. The Martian ina maneno mengi na mzaha wa haraka. Kwa darasa lisilofuata Kiingereza cha kasi, tafuta maandishi ya chini au msimulie tukio kwanza kwa Kiswahili, uandike namba ubaoni, ndipo uwashe. Gurudumu la 2001 na kizima moto cha Gravity havihitaji neno hata moja, kwa hiyo vinaweza kuonyeshwa leo hii na mwalimu ambaye hajapata muda wa kuandaa kitu kingine zaidi ya swali lenyewe.